Nukta Chini ya Mstari

Watu wa Ngokolo waliomjua Nyamizi watakwambia jambo moja kabla ya mengine yote: mama yule hakuwahi kulipa bei ya kwanza. Daktari alipomwambia meno mawili yang'olewe, aliuliza kama moja halitoshi. Hakuwa bahili. Aliona tu kwamba neno la kwanza la mtu ni la kukupima, na ukilimeza hivyo hivyo, umeshajulikana uzito wako.

Alizaliwa Ushetu, kwenye tumbaku. Utoto wake uliishia ndani ya bani, kile kibanda cha udongo wanachokaushia majani, akichochea moto na kulinda joto lisipande wala kushuka. Moshi wa bani ulimwachia macho mekundu ambayo hayakurudi kuwa meupe tena. Alipokuwa msichana wenzake walimtania kwa macho yale. Alipofika uzeeni utani ukakoma, na kukoma kwake hakukuwa kwa heri. Usukumani, mwanamke mzee mwenye macho mekundu hudhaniwa mchawi, naye hujifunza kutazama chini anapopita mbele za watu, na hujifunza bila kufundishwa.

Mume alipomkimbia, Nyamizi alikwenda machimboni Bugarama na mwanawe Enock mgongoni. Alianza kwa kupika ugali, akaishia kununua mifuko ya mawe. Biashara hiyo haitaki mtu mwepesi wa moyo. Unauziwa mfuko umetoka shimoni, dhahabu iliyomo huioni, na muuzaji anakuapia kwa mama yake. Mjinga huokota jiwe moja linalong'aa akafurahi. Nyamizi alichota konzi juu, konzi katikati, konzi chini kabisa, akatwanga vyote pamoja, akaosha kwenye karai. Jiwe moja lina uongo wake, alisema. Mchanganyiko husema karibu na kweli. Kwa mchanganyiko huo alimsomesha Enock, na alijenga vyumba viwili Ngokolo, mjini Shinyanga, akahamia huko magoti yalipomkatalia kuchutama mtoni.

Kazi aliyoipata mjini ilikuwa kwa Rhoda, mwenye kiwanda cha sembe. Usisikie kiwanda ukafikiria mabomba ya moshi. Ulikuwa ukumbi mmoja wa mabati, mashine ya kukoboa, mashine ya kusaga, na meza ndefu yenye mizani ya umeme. Makoye aliendesha mashine. Mbuke, mwanamke mdogo mwenye mtoto anayenyonya, alijaza unga kwenye mifuko ya kilo tano asubuhi, na Nyamizi akipokea mchana. Asiyejaza alishona midomo ya mifuko. Dorah alikaa kwenye chumba kidogo chenye kivuli, na mizani yake ya pili, akihakiki.

Kabla Edward hajaja, Dorah alihakiki mfuko mmoja pale alipokumbuka. Edward alibadilisha hayo yote. Alikuwa fundi wa ubora kutoka Mwanza, mtu mpole, na aliletwa na sharti la mteja: mkandarasi anayelisha kambi za mgodi alikubali kuchukua sembe ya Rhoda ikiwa kila gari litakuja na chati ya wastani. Wiki nzima Edward alipima tu, haelezi kitu, kama mganga anayesikiliza kwanza. Kisha akabandika ukutani karatasi pana yenye mistari mitatu: wa buluu katikati, na miwili myeusi, mmoja juu na mmoja chini.

"Kila saa, Dorah achukue mifuko mitano mfululizo," alisema. "Apime, ajumlishe, agawe kwa tano. Aweke nukta."

"Kwa nini asipime mmoja akamaliza?" aliuliza Makoye. "Tano ni kumchosha dada wa watu."

"Mmoja unaweza kuwa mzito kwa bahati tu, au mwepesi kwa bahati tu. Ukichukua mitano, bahati ya huyu inaliwa na bahati ya yule. Kinachobaki ndiyo kazi yenu."

Nyamizi alicheka kule kwenye sindano yake. "Huyu anaosha mawe huyu!"

"Na hiyo mistari umeitoa wapi?" aliuliza Rhoda.

"Kwenu wenyewe. Ni namna kazi yenu ilivyocheza wiki nzima. Nukta zitapanda, zitashuka, ziacheni zicheze. Lakini moja ikitoka nje ya mistari myeusi, au zikajipanga foleni upande mmoja wa mstari wa buluu, basi kuna kitu kimeingia. Ipakeni rangi nyekundu, simamisheni kazi, mtafute kimeingia wapi."

"Kuna kitu kimeingia," alirudia Makoye taratibu, kama mtu anayeonja mboga.

Miezi ya baridi ilipita salama. Nukta zilirukaruka karibu na mstari wa buluu kama kuku wanaodonoa uani, na gari lilikwenda kambini Bugarama likarudi tupu. Rhoda alifurahi, akaondoa bati moja la paa akaweka la plastiki linalopitisha mwanga, ili asiwashe taa mchana. Watu wakazoea karatasi. Wakaanza kuisalimia kwa mzaha. "Mwangaluka, karatasi!" Makoye angesema akiingia, kwa Kisukuma, na wote wangecheka.

Joto lile linalotangulia mvua lilipoanza, nukta za mchana zikashuka.

Hazikuanguka, hapana. Zilishuka kama mtu anayeteremka kisimani akishika kingo. Leo chini kidogo ya mstari wa buluu, kesho chini zaidi. Asubuhi, Mbuke akijaza, zilicheza kama kawaida. Nyamizi akipokea kata ya kuchotea unga, zikainama. Rhoda alimpigia Edward simu.

"Angalieni mizani kwanza," alisema Edward.

Kesho yake kabla ya kazi, Makoye alichukua lile jiwe la chuma la kilo tano wanalopimia mizani, akaliweka mbele ya wote. Mizani ikasoma kilo tano kamili. Akalitoa, akaliweka tena. Kamili. Kila asubuhi akalipima, na kila asubuhi mizani ikajibu vilevile.

"Mizani haina kosa," alitangaza. Hakusema ni nani basi aliye na kosa. Aligeuka tu akamtazama Nyamizi, aliyekuwa akifunga kitambaa kichwani, na wengine wakatazama alikotazama.

Siku nukta ya kwanza ilipovuka mstari mweusi wa chini, Dorah aliipaka nyekundu kama walivyoelekezwa. Ilikaa pale peke yake, ndogo, inang'aa. Mtu mmoja katika wapakiaji akasema, "Hilo mbona ni jicho?" Wakacheka. Nyamizi naye alicheka, maana mtu akikutupia bei ya matusi usimwonyeshe kwamba imekuuma. Kisha akashika kata, akaendelea kujaza.

Gari likarudishwa na mifuko yake. Mkandarasi alisema likirudishwa tena, basi tena. Sasa maneno yakaanza kutembea, yale maneno ya kila sokoni ambako mali hupungua bila mwizi kuonekana: chuma ulete. Kuna mtu hapa, walisema, anavuta unga bila kuugusa. Mfuko unashonwa umejaa, unafika kwa Dorah umepungua. Nani ameuona ukipungua? Hakuna. Ndiyo maana ni chuma ulete.

"Nyumbani kwa baba tulipasua kuku tukasoma matumbo," Makoye alimwambia Mbuke, bila kushusha sauti. "Kuku anaweza kukosea. Hii karatasi ni hesabu, haimjui mtu. Nayo saa nane ikifika inamwonyesha mtu."

"Makoye," aliita Nyamizi, "hilo domo ungelisagia mahindi tungefunga mapema."

"Samahani, mayu," alisema Makoye, akimwita mama kwa Kisukuma, na aliinamisha kichwa kwa heshima kabisa. Heshima ile ndiyo iliyomtisha. Makoye alikuwa hajawahi kumwomba samahani.

Baada ya hapo mambo yalikuwa madogo madogo. Mbuke aliacha kunywa maji kwenye ndoo aliyochota Nyamizi. Kwenye kiti chake Nyamizi alikuta chumvi imemwagwa duara. Mtoto wa Mbuke, aliyezoea kubebwa naye, alifunikwa khanga uso mzima kila alipopita, kama vile kuna vumbi.

Kisha mlango wake.

Alitoka asubuhi moja kufagia, akaona kwenye ubao wa mlango mistari mitatu ya mkaa, imenyooka, mmoja karibu na bawaba ya juu, mmoja katikati, mmoja chini. Kwenye mstari wa katikati kulikuwa na nukta moja. Hakuigusa. Kufuta ni kujibu, naye hakutaka kumjibu mtu asiyemwona. Kesho yake palikuwa na nukta ya pili, chini ya ile ya kwanza. Siku iliyofuata, ya tatu. Zilikuwa zinashuka kuelekea kizingiti, moja kila kukicha, na aliyezichora alizichora kwa uangalifu, bila kupaka mkaa ovyo. Majirani waliona. Hakuna aliyeuliza. Mama wa nyumba ya pili, ambaye kila jioni alituma mtoto kuomba chumvi, alikuwa amepata chumvi mahali pengine.

Nyamizi alijua hadithi hii inavyokwisha. Alikuwa na shangazi Ushetu. Mwaka mmoja tumbaku ya kijiji ilioza kwenye mabani, meusi majani yote, na jina likamwangukia yule shangazi. Watu walipomjia, yeye hakukana. Hilo ndilo Nyamizi alilolikumbuka maisha yake yote: shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameweka mikono magotini, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Labda ni mimi. Watu wote hawawezi kukosea." Walimchukua. Shangazi hakurudi tena, na Nyamizi ndiye aliyekwenda kuchochea bani lake.

Jumapili moja, akiwa peke yake chumbani, aliweka unga kwenye bakuli akaunyanyua. Tangu Bugarama mikono yake ilijua uzito kuliko mizani ya dukani. Sasa bakuli lilimpa jibu moja, na jibu jingine papo hapo. Alilibadilisha mkono. Lilionekana jepesi zaidi mkono wa kulia, ule wa kushika kata. Akauangalia mkono ule muda mrefu. Je, mtu huwa na chuma ulete bila kujua? Yule shangazi alijua? Akaweka bakuli chini, akajisonya mwenyewe. Mtu akianza kumwuzia adui hoja zake, amekwisha. Alivaa viatu akaenda nyumbani kwa Rhoda.

"Shikamoo, Mama Enock," alisema Rhoda, akiwa amesimama mlangoni bila kumkaribisha ndani.

"Marahaba. Nibadilishe na Mbuke. Mimi nijaze asubuhi, yeye mchana."

"Na nukta zikikufuata asubuhi?"

"Nitaondoka Ngokolo kwa miguu yangu. Hutasikia neno langu, wala hutahitaji kunifukuza."

"Na zikibaki mchana?"

"Utasema mbele yao wote kwamba si mimi. Kwa sauti. Usininong'oneze mimi jikoni."

Rhoda alimtazama. "Unauza kichwa chako, Mama Enock."

"Kimeshauzwa, Rhoda. Mimi natafuta bei tu."

Basi wakabadilishana. Asubuhi ya kwanza Nyamizi alijaza huku jasho likimshuka katikati ya mgongo, na kila Dorah alipotoka kuweka nukta, mashine ilionekana kusaga kimyakimya. Nukta zake zilicheza. Moja juu ya buluu, moja chini, moja juu. Hazikumfuata. Alivuta pumzi, akampisha Mbuke, akangoja mchana useme.

Mchana ulisema jambo ambalo hakulitarajia. Nukta zilikaa palepale kwenye mstari wa buluu. Siku hiyo, na iliyofuata, na wiki nzima.

"Mmeona?" alisema Makoye. "Ametolewa mchana, mchana umepona."

"Lakini asubuhi zake ni nzuri," alisema mpakiaji mmoja.

"Asubuhi hawana nguvu hao wachawi. Mpaka jua lipinduke."

Nyamizi akaona shimo lililokuwamo katika mapatano yake. Alikuwa amepanga nini kifanyike nukta zikimfuata, na nini kifanyike zikibaki. Hakupanga nini kifanyike zikipona. Jioni hiyo Rhoda hakumtazama usoni, na mlangoni kwake nukta ya mkaa ilikuwa imeshuka shubiri nzima.

Alichelewa kutoka siku iliyofuata, akasimama mbele ya karatasi. Upande wa asubuhi ulikuwa na uhai: juu, chini, juu kidogo, chini. Upande wa mchana nukta zilikuwa zimejipanga kwenye mstari wa buluu wenyewe, zote, sawasawa, hakuna iliyopanda hata unywele. Zilikuwa kama siafu waliokufa njiani bila kuvunja mstari. Alitazama, na ngozi ya kichwa chake ikasisimka. Hakuna mkono wa mtu unaojaza hivyo. Hakuna kifua cha mtu hai kinachotulia hivyo. Kule Bugarama, muuzaji ambaye kila karai lake lilitoa chembe zilezile, huyo ulimkimbia, maana hayo mawe yalikuwa yamepakwa unga wa dhahabu makusudi.

"Dorah," alisema, "hii mifuko ya mchana unaipima?"

Dorah alikuwa akifunga dirisha. Aliendelea kulifunga, ingawa lilikwisha fungwa.

"Mwanangu, nimekuuliza."

"Siku ya kwanza nilipima," alisema Dorah, bado amempa mgongo. "Ilikuwa chini, Mama Enock. Chini kuliko zako. Nikaona nikiiweka hiyo nukta, itakuwa zamu ya Mbuke. Ana mtoto mchanga. Sijapima tena. Naandika tu katikati."

"Kwa hiyo umeniacha mimi."

"Wewe walikuwa wameshakutaja."

Lilikuwa jibu la kweli, na Nyamizi hakumgombeza. Alipiga hesabu. Akimfichua Dorah, atakuwa amepata mwongo, na mwongo hafai kwa ushahidi. Akamwambia anyamaze vilevile, akaenda kumwambia Rhoda neno moja: "Mwite Edward apime mwenyewe, mchana, mbele yetu. Gari lijalo likirudi tena, utanikumbuka."

Edward alifika. Saa nane ilipopita, Mbuke alijaza, na Edward akachukua mifuko mitano akaihakiki kwenye mizani ya Dorah mbele ya watu wote. Mitano yote ilikuwa myepesi. Wastani wake ulianguka chini ya mstari mweusi, mahali ambapo nukta za Nyamizi hazikuwahi kufika. Macho yote yalimhama Nyamizi yakamtua Mbuke, pamoja, kama ndege wanaobadilisha tawi, na Mbuke akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, amemkumbatia mwanawe.

"Jiwe la kilo tano mnalipima saa ngapi?" aliuliza Edward.

"Asubuhi," alisema Makoye.

"Leteni sasa."

Makoye alileta jiwe, akaliweka kwenye mizani ya meza. Namba zikakimbia, zikatulia. Zilisoma zaidi ya kilo tano. Jiwe lilikuwa limezidi uzito.

Makoye aliondoa mkono kama aliyegusa nyoka. Chuma ambacho yeye mwenyewe alikipima asubuhi kilikuwa kimenona. Mwanamke mmoja akaanza kusali chinichini.

"Tulieni," alisema Edward. Alinyoosha kiganja juu ya mizani, akakirudisha upesi. "Njooni mguse. Ni kama kikaango." Akaonyesha juu, kwenye lile bati la plastiki, na chini, kwenye kipande cha mwanga mweupe kilichokuwa kimelala juu ya meza, kikiifunika mizani yote. "Miezi ile ya baridi mwanga huu ulikuwa unaanguka wapi?"

"Pale mlangoni," alisema Rhoda polepole.

"Jua linahama, na mwanga umekuwa ukiisogelea mizani siku hadi siku. Mizani hii ikipata joto inasoma uzito usiokuwepo. Mjazaji anaona kilo tano, kumbe hazijafika. Asubuhi imepoa, inasema kweli."

Aliibeba mizani akaiweka kivulini, jiwe likiwa juu yake, wakasimama wakitazama. Namba zilishuka moja moja, bila mtu kugusa kitu, mpaka zikafika kwenye kilo tano zikakaa. Kila mmoja alielewa. Na bado kulikuwa na jambo katika namba zile zilizokuwa zikishuka zenyewe, katikati ya kimya, ambalo hakuna aliyelipenda.

Rhoda alitimiza mapatano. "Si Mama Enock," alisema kwa sauti. "Wala si Mbuke. Mmesikia?"

"Tumesikia," walijibu.

"Ni jua," alisema Edward, akifuta jasho, amefurahi kazi yake.

"Ni jua, ndiyo," alisema Makoye. Alisema bila ubishi, kama mtu anayeuliza njia. "Ukumbi huu ni mkubwa, baba. Jua lingeweza kuangukia popote. Nani aliliongoza likafike pale pale kwenye mizani, na saa ile ile ya zamu ya Mama Enock?"

Edward alicheka. Alipoona kwamba anacheka peke yake, akaacha. Nyamizi aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wamekwisha kugusa mizani, wameuona mwanga, na sasa walikuwa wakisubiri jibu la swali la Makoye kwa macho ya watu wenye akili timamu. Akajua hapo kwamba hoja haziwezi kuwaishia. Kila utakachoweka kwenye mizani yao, wataongeza jiwe upande wa pili.

Jioni ile ile Rhoda alipandisha mtu juu ya paa akapaka rangi nzito lile bati la plastiki, na ukumbi ukarudi giza lake la zamani. Nyamizi alitembea mpaka nyumbani. Mlangoni palikuwa na nukta mpya. Hii haikuwa kwenye mbao. Ilikuwa juu ya kizingiti chenyewe, kubwa kama kifuniko cha chupa, na haikuwapo alipotoka asubuhi.

Alisimama akiitazama. Siku zote alikuwa amejiambia kwamba mchoraji ni mmoja wa wale wa kiwandani. Alikuwa akiwasaka kwa macho, leo Makoye, kesho yule mpakiaji. Lakini leo wote walikuwa naye ukumbini tangu asubuhi mpaka rangi ilipopakwa. Hakuna aliyetoka. Kwa hiyo karatasi ilikuwa imekwisha toka kiwandani. Ilikuwa inatembea mtaani, na waliokuwa wakiweka nukta zake walikuwa watu ambao hawajawahi kuiona.

Mfanyabiashara anayejua kazi hangoji soko lifungwe. Asubuhi na mapema Nyamizi alimwachia dalali ufunguo wa vyumba vyake, akapanda basi la Kahama, na mchana akawa Bugarama, ambako Enock alikuwa akiishi. Akafungua meza ya chakula karibu na stendi. Hakuagana na mtu.

Mvua zilikuwa zimeshika alipomwona Amosi, dereva wa gari la sembe la Rhoda, akisimama mbele ya meza yake kutafuta wali. Amosi alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alimtambua, akatia mikono mifukoni.

"Mwadila, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Kaa ule. Wa kiwandani hawajambo?"

"Hawajambo. Mambo yamekuwa mazuri." Aliangalia pembeni. "Tangu ulivyoondoka, nukta zimetulia. Hakuna hata moja iliyoshuka. Watu wote wanasema hivyo." Kisha akasema ana haraka, akavuka barabara, akaketi kwenye meza ya mama mwingine. Wateja wawili waliokuwa wakila walimtazama Amosi, wakamtazama Nyamizi, na mmoja akasukuma sahani yake kidogo mbele.

Ndipo alipoiona hesabu. Rangi ilipakwa jioni, yeye akaondoka asubuhi. Karatasi ya Edward, kwa ukweli wake wote, ilikuwa na siku moja tu ya kuonyesha mambo yote mawili. Upande mmoja wa siku hiyo nukta nyekundu. Upande wa pili nukta zinazocheza vizuri. Mwenye kutaka bati ataona bati. Mwenye kutaka mchawi ataona mchawi ameondoka. Kwa kukimbia alikuwa ametia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, naye hakuwahi kutia sahihi kitu bila kukisoma.

Alimpigia Rhoda simu palepale, amesimama nyuma ya masufuria.

"Rhoda, nakuomba kitu kimoja. Kwangua ile rangi. Siku moja tu, mchana mmoja. Mbuke ajaze, Dorah apime kweli, mimi nikiwa huku Bugarama mbele za watu. Nukta zikishuka na mimi sipo, wataona."

Upande wa pili mashine zilikuwa zikisaga. Rhoda alisogea mbali nazo, kama mtu anayelipima jambo kweli, na Nyamizi alianza kuwa na matumaini.

"Hawataona, Mama Enock," alisema Rhoda. Sauti yake haikuwa na ubaya. "Nikiikwangua zikashuka, watasema umerudi."

Nyamizi alifunga simu. Alifunika wali, akazima mkaa, akamwita Enock amsaidie kubeba meza. Geita ni mji mkubwa, watu wanaingia na kutoka kila siku, na ilibidi afike kabla ya Amosi kupeleka huko gari lijalo la sembe, pamoja na maneno yake.